Tusingoje Wembe Utukate
Hotuba kwa wakazi wa Kawangware na Kangemi kuhusu uvumi wa mitandaoni

 

Wahenga walisema mwana akililia wembe, mpe. Kuna mtu hasikii kwa maneno, akijikata atajua. Methali hiyo ina ukweli. Mtu akiona kwenye simu kwamba akituma shilingi elfu moja leo atapata elfu kumi kesho, anaweza kutuma. Kesho inafika, pesa hazifiki, na hatatuma tena. Hasara ni yake na funzo ni lake. Lakini kuna nyembe ambazo hazimkati aliyezililia peke yake. Uvumi kuhusu maradhi ni mojawapo.

Kumbukeni Machi 2020. Kwenye matatu za 46 na kwenye makundi ya WhatsApp watu waliambiana kwamba mtu mweusi hashikwi na korona. Mgonjwa wa kwanza alipotangazwa tarehe 13, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alilazimika kueleza kwamba mgonjwa huyo ni Mwafrika kama sisi. Tarehe 1 Aprili wagonjwa wa kwanza kupona, waliotibiwa Hospitali ya Mbagathi hapa Nairobi, walijitokeza kusimulia yaliyowapata. Mmoja wao alitukanwa mitandaoni. Wengi walisema ni mwigizaji aliyelipwa. Yaani mtu aliyeugua aliitwa mwongo na watu ambao hawajawahi hata kuuona ugonjwa wenyewe.

Tusiseme walioamini uvumi ni wajinga. Wengi walikuwa na sababu ya kushuku. Agosti 2020 kashfa ya ununuzi wa vifaa katika KEMSA ilipofichuka, watu walisema: mnaona, korona ni biashara. Hapo ndipo wazo baya hupata nguvu, linapojishikiza kwenye jambo la kweli. Lakini pesa za dawa zinaweza kuliwa na ugonjwa bado ukawepo. Mwizi akiiba katika nyumba inayoungua, moto hauwi uongo kwa sababu ya mwizi. Tudai hesabu ya pesa, na moto tuuzime.

Baadaye ukweli ulitufikia kwa njia ya uchungu. Zaidi ya Wakenya 5,600 walithibitishwa kufa kwa ugonjwa huo. Kila mmoja wao alikuwa na jamaa na majirani, na kwa baadhi yao mazishi ndiyo yaliyomaliza ubishi. Wembe ulililiwa na mmoja, ukamkata mama mzee aliyelala chumba cha pili kwenye ploti hiyo hiyo.

Basi tujibu vipi? Tazameni tarehe 5 Machi 2021, chanjo ya korona ilipoanza kutolewa katika Hospitali ya Kenyatta. Uvumi ulikuwa mwingi. Dkt. Patrick Amoth, aliyekuwa Kaimu Mkurugenzi Mkuu wa Afya, alikunja mkono wa shati akadungwa wa kwanza, watu wakitazama. Hakumtukana mtu. Na huku mitaani, neno la jirani lina uzito mkubwa: nilidungwa, mkono uliniuma, nilipata homa siku moja, kisha nikarudi kazini. Jirani hafichi kwamba sindano inauma, na kwa hiyo anaaminika.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, ujumbe ukikufikia, muulize aliyeutuma: umeona mwenyewe, au nawe umetumiwa? Swali hilo huzima uvumi mwingi kabla haujavuka ukuta. Kama hajui ulikotoka, usiusambaze. Pili, usimwaibishe mtu kwenye kundi. Mpigie simu, au mketi kwenye kibanda cha chai mzungumze. Mtu akiaibishwa mbele ya watu hutetea heshima yake, hata akijua amekosea. Tatu, kama wewe umepitia jambo, sema. Mama aliyepeleka mtoto wake kuchanjwa, mgonjwa wa kifua kikuu aliyemaliza dawa akapona, maneno yao yana uzito ambao bango la serikali halina.

Wako waliofanya hivyo kabla yetu. Hapa jirani, Somalia, mwaka 1977, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca aitwaye Ali Maow Maalin alikwepa chanjo ya ndui kwa kuogopa maumivu ya sindano. Oktoba mwaka huo aliugua ndui. Alipona, na akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio. Akikutana na mzazi anayesitasita, alimweleza yaliyompata yeye alipokwepa sindano. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo.

Maalin alijua wembe unavyokata, kwa hiyo hakungoja watoto wa wenzake wakatwe ndipo wazazi waamini. Nasi tuna watu kama yeye humu mtaani. Tuwasikilize wanaposimulia, na tusikubali watukanwe. Ukiwa na shaka kuhusu jambo la afya, fika kwenye kituo cha afya kilicho karibu au umuulize mhamasishaji wa mtaa wako. Uliza swali lolote, hata lile gumu. Kuuliza si ujinga.