Jani Moja Latosha, Tusichimbe Msituni

(Maneno tuliyowaambia wenzetu katika mkutano wa vikundi vya vitalu, Kwale)

Tutaanza na makosa yetu, ili nanyi msiyarudie.

Kuna mmea wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Mmeuona kwenye mabenki na mahoteli, Mombasa na Nairobi. Wauza maua huuita zizi, na wataalamu huuita Zamioculcas zamiifolia. Wengi wetu tulidhani umeletwa na Wazungu. Kumbe ni wa kwetu! Humea wenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuotesha kwa wingi mwaka 1996, na sasa unauzwa dunia nzima. Ni jamaa ya nduma, lakini huu hauliwi. Ukiutafuna, mdomo unawasha kama umeuma nduma mbichi, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Basi, siku moja alikuja mnunuzi na magunia. Alitaka viazi vyake vya chini ya ardhi, kutoka msituni, na alilipa pesa papo hapo. Vijana wetu wakachukua majembe. (Msitu huo si kaya. Kwenye kaya nani angethubutu?) Walichimba siku mbili. Tuliporudi baada ya mvua tulikuta mashimo tu. Mzee mmoja akatuuliza, "Na mwaka ujao mtachimba wapi?" Tukanyamaza.

Hapo ndipo tulipoanza kuotesha wenyewe. Sikilizeni vizuri hapa. Lile mnalodhani ni bua ni jani moja zima, na yale majani madogo yaliyojipanga kulia na kushoto ni vipande vyake. Kila kipande kinaweza kuwa mmea. Msituni, wakati wa kiangazi, vipande hivyo huanguka na kufanya viazi vyenyewe. Sisi tunakata kipande karibu kabisa na shina lake, tunakiacha kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha tunakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, upande uliokatwa ukiwa chini. Kopo liwe limetobolewa, na likae mahali penye mwanga lakini jua kali lisipige.

Halafu mnangoja. Na hapa ndipo tuliposhindwa mara ya kwanza. Mwezi wa tatu juu hakuna kitu, mwezi wa nne vilevile. Wengine wakasema tumedanganywa, wakaanza kung'oa. Tukaona kila kipande kina kiazi kidogo chini, kama harage! Tulikuwa tumeng'oa mali yetu wenyewe. Chipukizi huweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, kutoka juu.

Mara ya pili tulivumilia, lakini tukamwagilia kila siku kama sukuma wiki. Vyote vikaoza. Mmea huu una ghala yake ya maji kwenye viazi na kwenye mashina ya majani, kwa hiyo ukiunywesha kila siku unauua. Siku hizi tunatia kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, tunaacha. Wakati wa baridi tunamwagilia mara chache zaidi. Miche ikishatoa jani, tunaihamishia kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi na samadi kidogo iliyooza kabisa. Ule uliokomaa unaweza pia kugawanywa viazi, na hiyo ndiyo njia ya haraka, lakini gawanyeni ule wa kitaluni, si wa msituni. Na msishangae chombo cha plastiki kikipasuka: viazi vikinenepa husukuma.

Hatutawaficha: yule mnunuzi bado anakuja, na pesa zake ni za leo, zetu ni za mwakani. Karo ya shule haingoji jani lichipue. Wawili wetu wametoka kwenye kikundi kwa sababu hiyo, na hatuwalaumu sana. Ndiyo maana kando ya zizi tunaotesha pia miche ya mikorosho na miembe, itushike mkono tukingoja.

Wanaotaka vipande vya kuanzia waje kitaluni Jumamosi asubuhi. Kila mtu aje na kopo lake, na awe amelitoboa nyumbani. Mara ya mwisho tuliyatoboa sisi, na msumari ulituumiza.