Wageni Walioacha Makaburi Tengeru



Ukipanda gari la abiria hapa Arusha mjini kuelekea Moshi, ukashuka Tengeru na kuingia ndani hadi kwenye chuo cha mifugo, utakuta mahali palipozungushiwa ukuta. Humo mna makaburi yapatayo 150, na majina yaliyoandikwa juu yake yatakushinda kuyatamka. Mimi yalinishinda, nami kazi yangu ni kusoma majina ya watu redioni.

Hao ni Wapolandi. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Stalin iliwang'oa watu kwa malaki kutoka mashariki ya Poland, ikawapeleka Siberia na Kazakhstan. Hitler alipoivamia Urusi mwezi Juni 1941, wakafunguliwa. Wanaume wenye nguvu waliingia jeshini. Akina mama, watoto na wazee walivuka hadi Iran mwaka 1942, na kutoka huko Waingereza wakawaleta Afrika Mashariki. Kambi zilikuwa kadhaa: Ifunda, Kidugala, Kondoa, hata Masindi na Koja kule Uganda. Lakini hapa Tengeru, chini ya Mlima Meru, waliwekwa watu wapatao 5,000.

Hebu fikiri. Mtoto aliyeona ndugu zake wakizikwa katika theluji anaamka asubuhi ndani ya nyumba ya msonge iliyopakwa chokaa, na nje jua linawaka juu ya migomba. Wengi walifika wakiwa wadhaifu kwa njaa ya miaka miwili, na malaria ikawapokea. Waliosalia hawakukaa wakisubiri posho tu. Walijenga kanisa, wakafungua shule, wakalima bustani, wakashona nguo. Kwa kuwa wanaume walikuwa vitani, kijiji kile kiliendeshwa hasa na wanawake. Sijui kwa nini jambo hilo halisemwi mara nyingi.

Vita ilikwisha mwaka 1945. Ungedhani sasa watafunga mizigo warudi kwao. Kwao wapi? Vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa ndani ya mipaka ya Urusi, na Warsaw ilikuwa na serikali waliyoiogopa. Wengi walitafuta makao Uingereza, Kanada na Australia.

Habari inayonigusa zaidi ni ya mayatima. Mwaka 1949, watoto wapatao 150 waliondoka Tengeru pamoja na Padre Lucjan Królikowski, wakapitia Italia, kisha wakapanda meli hadi Halifax, Kanada. Serikali ya Warsaw ilipiga kelele kwamba watoto wake wameibwa. Kule Montreal waligawanywa katika shule za bweni, wakaanza upya na Kifaransa. Kijana wa miaka kumi na sita miongoni mwao alikuwa amekwisha kuishi Poland, Siberia, Iran na Tanganyika. Anapoulizwa darasani, "Wewe unatoka wapi?", ajibu nini? Nadhani baadhi yao walijibu Tengeru, maana ndipo walipokulia.

Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wachache walibaki, na mmoja wao aliishi hapa hadi alipofariki mwaka 2015.

Sasa niseme jambo ambalo huenda wengine wasilipende. Tunapenda kujisifu kwamba Meru ilipokea wakimbizi. Ni kweli, lakini wenyeji hawakuulizwa. Na mwezi Novemba 1951, wageni wale wakiwa bado wanamalizia kuondoka au wameondoka karibuni, Waingereza hao hao waliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki. Nyumba zao zilichomwa moto, ardhi ikatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Wapolandi hawana lawama katika hilo. Nao walijua vizuri maana ya kutolewa nyumbani. Ila Mmeru aliyefukuzwa hakutafutiwa meli wala Kanada. Alielekezwa King'ori.

Habari za Kirilo Japhet, aliyepeleka malalamiko hayo Umoja wa Mataifa mwaka 1952, nitawaletea juma lijalo.