Kishikwambi kimoja, vichwa vitano

Msikilizaji, baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilikabidhiwa kwa walimu wa shule za umma, wakiwamo wa mkoa wetu wa Singida. Walimu sasa wanavitumia katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini: wanakutana shuleni kwao na kusaidiana mada zinazowasumbua. Huo ni utaratibu mzuri kweli. Lakini mwanafunzi naye anajifunza na nani?

Tukumbuke Tanga. Kati ya 2017 na 2019, mashindano ya programu za kujifunzia ya Global Learning XPRIZE yalipeleka vishikwambi katika vijiji 170, kwa watoto wapatao 2,700, wengi wao hawajawahi kwenda shule. Hawakuwa na mwalimu. Umeme ulitoka juani. Baada ya miezi kumi na mitano, wengi walikuwa wameanza kusoma Kiswahili.

Sidai kwamba mwalimu hahitajiki. Nasema mtoto akielewa, humweleza mwenzake kwa maneno ambayo sisi watu wazima hatuyafikirii. Kule katika wilaya zetu za Mkalama na Iramba, ambako watoto wengi huanza shule wakizungumza Kinyiramba, mwenzake wa dawatini ndiye mkalimani wa kwanza wa somo. Basi kishikwambi kimoja katikati ya watoto watano, wakibishana jibu, kinatosha kuanzia. Maofisa elimu wa kata waruhusu kelele hizo darasani, na ratiba ya wiki izipe kipindi chake.