Bango la muda nalo ni sheria: adhabu kwenye barabara inayojengwa

(Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika baraza la wakazi, madereva wa matatu na wahudumu wa bodaboda.)



Kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi imetuletea koni, mabango ya manjano, njia za muda na vijana washika bendera. Pia imeleta swali ambalo tunaulizwa kila mara: je, bango hili lililowekwa na mkandarasi lina nguvu gani? Leo lipo, wiki ijayo limehamishwa. Kweli mtu anaweza kushtakiwa kwa kulipuuza?

Jibu ni ndiyo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamtaka dereva afuate alama ya barabarani iliyowekwa na mamlaka ya barabara au kwa idhini yake. Barabara kuu kama hii iko chini ya KeNHA, na mkandarasi anafanya kazi kwa niaba yake. Kwa hivyo bango la muda lina uzito uleule wa bango la kudumu.

Tuchukue mfano. Matatu inapita katikati ya mji kwa kasi ya kilomita 48 kwa saa. Mwendo wa mwisho mjini ni 50, basi dereva hana kosa. Akifika penye ujenzi, bango linasema 30. Akiendelea na mwendo uleule, sasa amezidisha kwa 18. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 zinasema hivi: ukizidisha kwa kilomita 6 hadi 10, faini ni shilingi 500, 11 hadi 15, shilingi 3,000, 16 hadi 20, shilingi 10,000. Dereva wetu hakuongeza mwendo hata kidogo, lakini anadaiwa elfu kumi.

Makosa mengine tunayoyaona kila siku kwenye sehemu hizi ni haya:

Kutofuata alama ya barabarani: shilingi 3,000.

Kupitia njia ya waenda kwa miguu ili kukwepa foleni: shilingi 5,000.

Kuziba barabara: shilingi 10,000. Wale wanaoovalapu hadi magari yakakabana uso kwa uso, hili linawahusu.

Kupakia au kushusha abiria mahali pasipo stejini: shilingi 1,000. Na wewe abiria unayemwambia dereva "nishukishie hapa hapa kwenye koni", nawe una faini yako ya shilingi 1,000.

Hayo ni makosa madogo. Kuna makubwa ambayo hayaishii kwa faini ya papo hapo. Mahakama inapoamua kama mtu aliendesha kwa uzembe, sheria inaitaka itazame hali ya barabara yenyewe na watu waliotarajiwa kuwa pale. Mwendo ambao ungesamehewa kwenye lami tupu unaweza kuhesabiwa uzembe penye vumbi, shimo lililo wazi na vibarua kando ya barabara. Kosa la kwanza linaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka miwili. Ukisababisha kifo kwa kuendesha kwa njia ya hatari, kifungo kinaweza kufika miaka 10. Kuacha gari mahali pa hatari, kwa mfano lori lililoharibika usiku bila ishara yoyote, likaua mtu, kunaangukia kifungu hichohicho.

Kwa nini 30? Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, umeshapita urefu wa matatu kadhaa. Kwa kilomita 30, ni mita 8. Yule kijana mwenye bendera hana ukuta wa kujifichia, na wengi wao ni watoto wetu wa hapa hapa.

Sasa kuhusu haki zako. Ukipewa notisi ya faini, isome. Ukikubali kosa, lipa kwa njia rasmi na udai risiti. Usipokubali, una haki ya kwenda kujitetea mahakamani. Usimpe afisa pesa mkononi. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa na anayepokea, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5. Elfu mbili ya "chai" isikuingize huko.

Mkandarasi naye ana wajibu. Mkiona shimo lisilo na alama, au bango limeanguka, pigeni picha, andikeni mahali na saa, mpeleke kwa chifu au ofisi ya wadi. Barabara kuu si ya kaunti, lakini tutafikisha malalamishi kwa KeNHA. Na tafadhali, anayeng'oa bango ili auze chuma chakavu anawaacha majirani zake gizani. Mripotini polisi.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Nyingi za barabara hii zina kinga, na imeandikwa kwenye bango.

Sasa tuchukue maswali, tukianza na watu wa bodaboda.