Siku 30 za Mfanyakazi

Msikilizaji, sheria za kazi za Tanzania Bara zina vifungu vingi, lakini leo nataka tushughulike na idadi moja tu: 30. Hizo ndizo siku alizonazo mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo haki kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuliyozoea kuiita CMA. Zimewekwa na kanuni za mwaka 2007. Jumamosi zimo, Jumapili zimo, na siku utakazozungushwa na bosi wako zimo pia.

Mambo huwa hivi. Mlinzi wa lindo la usiku, au mhudumu wa hoteli, anaitwa ofisini jioni na kuambiwa kesho asije. Barua hapewi. Akiuliza mshahara wake na malipo ya notisi, anajibiwa: njoo mwisho wa mwezi, tutakaa tuyamalize. Mwisho wa mwezi anakwenda, meneja amesafiri. Anarudi tena, mhasibu hayupo. Nyumbani nako wazee wanamtuliza: usigombane na tajiri, huenda akakurudisha. Anatulia. Siku anapopanda daladala kwenda CMA, muda umeshakatika.

Mtu huyu hakukosa haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemkinga vizuri kuliko anavyodhani. Inamtaka mwajiri awe na sababu ya msingi ya kumwachisha mtu kazi, na afuate utaratibu: amweleze tuhuma, ampe nafasi ya kujitetea, ndipo aamue. Shauri likifika mbele ya Tume, mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni mwajiri. Na mkataba wa maandishi usipokuwepo, asifurahi: mkibishana juu ya masharti ya ajira, yeye aliyeshindwa kuleta maandishi ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha.

Hata aliyeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe anaweza kusikilizwa, ikiwa mwajiri ndiye aliyeyafanya maisha ya kazini yasivumilike hadi akalazimika kuondoka. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Aliyetumikia mwaka mmoja au zaidi, akaachishwa na mwajiri bila kosa la kinidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Wapo walio nje ya mlango huu: mwenye ajira isiyofika miezi 6 halindwi na vifungu vya uachishaji usio wa haki, mtumishi wa umma ana ngazi zake za rufaa za kupitia kwanza, na Zanzibar ina sheria yake ya ajira.

Sasa, haki zote hizo zimefungwa nyuma ya siku 30. Madai mengine, kama mishahara iliyolimbikizwa, yana siku 60. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uwe na sababu nzito na ueleze ulivyozitumia siku ulizochelewa. Na hapa ndipo wengi wanapoumia: ukisema ulikuwa unazungumza na mwajiri mpatane, mahakama zetu zimeshaamua kwamba mazungumzo hayasimamishi muda. Tumelelewa kuamini kwamba subira huvuta heri. Katika shauri la kuachishwa kazi, subira humnufaisha anayekuzungusha.

Wapo wanaoutetea muda huu mfupi, na hoja yao si ya kubezwa. Wanasema kazi si kiwanja, haiwezi kukaa ikisubiri mwenyewe. Nafasi inajazwa, mashahidi wanahama, na Tume ikiamuru mtu arudishwe kazini baada ya muda mrefu, amri hiyo haitekelezeki. Ni kweli. Lakini jirani zetu wa Kenya, katika Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wamempa mfanyakazi miaka 3 kufungua madai. Sisemi tuwafuate hadi huko. Ila kati ya siku 30 na miaka 3 pana nafasi kubwa, na sisi tumechagua kusimama pale panapomfaa zaidi mwenye ofisi, mwenye mwanasheria na mwenye kujua sheria.

Mpaka hapo patakapobadilika, msikilizaji, ukiachishwa kazi omba barua siku hiyohiyo. Ukinyimwa, andika tarehe, aliyekutamkia na waliokuwepo. Tunza kitambulisho cha kazi, hati za mshahara na ujumbe wa benki au wa simu ulioonyesha malipo. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwone kiongozi wako wa tawi. Kisha jaza fomu namba 1 ya CMA, mpelekee mwajiri nakala, upate uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe kwenye ofisi ya Tume. Kufungua shauri hakuhitaji wakili.

Wala usidhani kwamba kufungua shauri ni kutangaza vita. Hatua ya kwanza CMA ni usuluhishi, yaani mazungumzo yaleyale uliyokuwa unayafuata ofisini kwa meneja, ila safari hii kuna msuluhishi mezani, na mkipatana makubaliano yanaandikwa, yanatiwa saini na yanamfunga kila upande. Mwajiri mwenye nia njema ya kuyamaliza atayamaliza hapo.

Kwa Bunge na kwa wizara yenye dhamana ya kazi, ombi langu ni dogo. Kila barua ya kuachisha kazi iwe na sentensi ya lazima, kwa Kiswahili cha wazi, inayosema: kama hukuridhika, una siku 30 za kwenda CMA. Na siku hizo zianze kuhesabiwa pale tu mfanyakazi anapokabidhiwa barua hiyo, si kabla. Anayefukuza watu kwa mdomo atajikuta saa haijaanza kugonga kwa upande wake. Mwajiri anayefuata sheria hatapoteza hata senti kwa sentensi hiyo. Atakayeipinga, tumwulize kwa nini anataka mfanyakazi wake asiijue.