Stesheni Mbili Zisizosalimiana: Maneno Tuliyosema Mkutanoni juu ya Marekani na Urusi



Kabla mkutano haujafunguliwa ndugu mmoja wa karakana alituuliza mlangoni, "Mnataka kutuhubiria habari za Marekani na Urusi, na ovataimu yetu bado haijalipwa?" Swali hilo ni la haki, wala hatukukasirika. Ovataimu imo katika ajenda, itafuata. Lakini kamati ilituagiza tuseme kidogo juu ya wakubwa hawa wawili, jinsi walivyochukiana miaka mingi na hata hivyo wakajifunza kusemezana, na sisi watu wa reli tukaona jambo hili twalifahamu kuliko watu wengi.

Methali ya tembo na nyasi sote twaijua, hatutairudia. Twataka kuwakumbusha tu kwamba nyasi moja ilikuwa ni chama cha wafanya kazi. Mwaka 1949 shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya dunia lilipasuka. Wengine wakabaki na WFTU upande wa mashariki, wengine wakaunda ICFTU mjini London. Tangu hapo kila upande ukatafuta marafiki huku Afrika. KFL ya Tom Mboya ilishikana na ICFTU, na Solidarity House ya Nairobi ilijengwa kwa msaada wa vyama vya Marekani. Wenzetu wengine wakatazama mashariki. Mwaka 1965 huko Mombasa wafuasi wa pande mbili za vyama walipigana, na watu wakafa. Serikali ikayafuta mashirikisho yote mawili, na mwaka ule ule ikaleta COTU. Hatusemi kila jiwe lililotupwa siku ile lilitoka Moscow au Washington. Tulikuwa na ugomvi wetu wenyewe wa vyeo, tusijidanganye. Lakini fedha za wageni wanaogombana ni mafuta ya taa, na moto ulikuwako tayari.

Basi tuingie katika maneno yenyewe.

Wazee waliotutangulia katika reli ya zamani walitusimulia habari za stesheni masta wawili. Majina hatutaji, wala stesheni, kwa maana jamaa zao wako. Hawa walikosana juu ya ng'ombe wa mahari, na kwa miaka mingi hawakusalimiana. Mke wa mmoja alipojifungua, mwingine hakupeleka hata kilo ya sukari. Lakini reli katikati yao ilikuwa moja tu, na treni zilitoka pande zote mbili. Kwa hiyo kila mara, usiku na mchana, mmoja alimwita mwenziwe kwa mashine akauliza kama njia i wazi. Mwenziwe akajibu. Wa kwanza akayarudia maneno yale yale aliyojibiwa, kusudi pasiwe na makosa, kisha wote wawili wakaandika kitabuni saa na dakika. Ndipo dereva alipopewa ruhusa ya kuondoka. Hapakuwa na "hujambo" wala "habari za nyumbani". Na wazee walituapia kwamba katika miaka yote ile haikugongana treni hata moja baina ya stesheni zile.

Marekani na Urusi (twasema Urusi, maana yake dola ile ya Kisovieti iliyovunjika mwaka 1991) walikuwa stesheni mbili za namna hiyo. Tofauti ni kwamba kwa muda mrefu hawakuwa na mashine wala kitabu.

Mnakumbuka habari ya Cuba, au mmesoma. Mwezi wa Oktoba 1962 ndege ya Marekani ilipiga picha makombora ya Warusi yaliyokuwa yakiwekwa katika kisiwa hicho, karibu kabisa na pwani ya Marekani. Tarehe 22 Rais Kennedy akatangaza kwamba manowari zake zitazuia meli zinazopeleka silaha huko. Kila upande ulikuwa na mabomu ya nyuklia ya kutosha kuwaua watu wasiohesabika. Sasa sikilizeni jinsi walivyopelekeana habari.

Dobrynin, aliyekuwa balozi wa Urusi mjini Washington, aliandika baadaye katika kitabu chake kwamba akitaka kupeleka maneno Moscow ilibidi yageuzwe kuwa ya siri, kisha aitwe kijana mmoja wa kampuni ya telegramu, naye akaja kwa baiskeli kuyachukua. Wao ubalozini walibaki kumwomba Mungu tu kijana yule asisimame njiani kuongea na msichana. Ndugu zangu, amani ya dunia nzima ilikuwa ndani ya mkoba wa tarishi! Na pengine mshahara wake ulikuwa mdogo kama wa matarishi wote.

Upande wa pili mambo hayakuwa mepesi. Barua ndefu ya Khrushchev ya tarehe 26 Oktoba ilichukua karibu saa 12 kufika yote Washington na kutafsiriwa. Kesho yake, kabla haijajibiwa, Moscow ikatangaza kwa radio barua nyingine iliyokuwa kali kuliko ile ya kwanza. Washington wakawa na barua mbili zisizopatana, hawajui ipi ndiyo ya kweli. Siku ile ile ndege yao moja ikatunguliwa juu ya Cuba, na Meja Rudolf Anderson akafa. Ingekuwa ni reli, hapo tungesema treni mbili zimekwisha kuingia katika njia moja na taa zimezimika.

Walijiokoa. Tarehe 28 Khrushchev alikubali kuyaondoa makombora, na jibu lake lilisomwa katika Radio Moscow, kwa sababu radio iliyosikiwa na kila mtu ilikuwa ya mbio kuliko njia za siri za serikali. Kennedy aliahidi kutoishambulia Cuba, na kwa siri akakubali kuyaondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki. Yaliondolewa kabla ya katikati ya mwaka 1963. Jambo hilo la Uturuki lilifichwa miaka mingi, na watu wakadhani upande mmoja umeshinda kabisa. Sisi tuliowahi kukaa katika meza ya mapatano na waajiri twajua habari hiyo: mara nyingi kila mmoja hutoka na kitu, ila kuna kitu kisichotangazwa langoni.

Waliogopa, na woga ule uliwafunza. Tarehe 20 Juni 1963, mjini Geneva, walitia sahihi mapatano ya kuweka waya wa moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, na tarehe 30 Agosti ukaanza kazi. Watu wengi husema ilikuwa simu nyekundu juu ya meza ya Rais. Si kweli. Zilikuwa mashine za teleprinta zinazopiga maandishi. Walikataa sauti kusudi, kwa maana mtu akisema kwa hasira neno hutoka vibaya, na mkalimani akikosea hapana karatasi ya kumsahihisha. Marekani iliandika kwa Kiingereza, Urusi kwa Kirusi, na kila upande ulimpa mwenziwe mashine zenye herufi zake. Waya ulipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki. Yasemwa mkulima mmoja wa Finland aliwahi kuukata kwa jembe lake la kulimia, nao wakawa hawana waya mpaka mafundi walipofika. Twawatolea kofia mafundi hao, hakuna aliyewaandika magazetini.

Na kila saa, kwa zamu, walipelekeana maneno ya kujaribu mashine. Wamarekani wakapeleka vipande vya Shakespeare na Mark Twain, Warusi wakapeleka vya Chekhov. Hayakuwa na maana yoyote ya siasa. Kazi yake ilikuwa kujua tu kwamba mwenzako yuko macho mezani pake.

Faida ilionekana Juni 1967, Waisraeli na Waarabu walipopigana. Manowari za pande zote mbili zilikuwa bahari ya Mediterania. Tarehe 8 meli ya Marekani iitwayo Liberty ilishambuliwa na ndege na mashua za Israeli, na mabaharia 34 wakafa. Ndege za Marekani zikatumwa kuelekea huko. Rais Johnson akaiambia Moscow kwa waya ule kwamba ndege hizo zaenda kuiangalia meli tu, hazina jambo jingine. Hayo ndiyo maneno ya stesheni masta: treni yaja, ni ya namna hii, yapita tu.

Hawakupendana baada ya hapo. Vita vya Vietnam viliendelea, na hapa Afrika waliendelea kugawa bunduki kwa maadui wa adui zao, Angola watu wakateketea. Waya haukuponya hayo, wala hatutaki mtu aondoke hapa akidhani hivyo.

Jambo la mwisho ni la mabehewa. Mwaka 1987 Reagan na Gorbachev walitia sahihi mapatano ya kuharibu makombora ya nchi kavu ya mwendo wa kati na mfupi, na kufikia 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa. Lakini nani atamwamini mwenziwe? Wakakubaliana kwamba Wamarekani wasiozidi 30 wakae kwenye lango la kiwanda cha Votkinsk huko Urusi, na Warusi nao wakae kwenye lango la kiwanda kimoja katika jimbo la Utah. Pale Votkinsk mizigo mikubwa ilitoka kwa reli. Basi Wamarekani wakasimama kando ya njia, katika theluji, wakipima mabehewa na kuyachungulia kwa mashine ya eksirei, mwaka baada ya mwaka, mpaka 2001. Watu wa magudi mnaohesabu behewa kwa behewa usiku wa manane, na kuambiwa kwamba kazi yenu ni ya mtu asiyesoma, fahamuni kwamba dola mbili kubwa za dunia zilitegemea kazi hiyo hiyo.

Mapatano yale yalikwisha Agosti 2019. Marekani ilijitoa ikisema Urusi imevunja sharti, Urusi ikakana.

Sasa ndugu wa karakana atauliza tena, na tutamjibu hapa hapa. Katika tawi letu wako viongozi wawili ambao tangu uchaguzi hawasemezani, na barua ya ovataimu imekaa kwa mmoja kwa sababu hataki kuipeleka kwa mwenziwe atie sahihi. Hatuwaombi wapatane leo. Twaomba barua ipite, kila mmoja aandike saa aliyoipokea na saa aliyoitoa.

Mwenyekiti, tumemaliza. Wenye maswali waulize, na wale wa zamu ya usiku waanze, maana treni yao haitawangoja.