Simu ya Mkulima Imfikie Mwenye Jibu



Mkulima apigaye simu kuuliza malipo ya pamba yake hajali kama karani yuko makao makuu au ghalani. Yeye ataka jibu, na fedha za simu ni zake. Kwa hiyo, katika kuunganisha afisi, kiwanda na maghala kwa mtambo mmoja, tulianza na daftari: nani ajibu jambo gani, saa ngapi, na asipokuwapo, nani badala yake.

Namba za ndani za makao makuu zaanza na 1, za kiwanda 2, za maghala 3. Kwa tarakimu hiyo mtambo wajua njia. Simu ya malipo hulia kwa makarani wote wa hesabu pamoja. Isipopokelewa kwa sekunde 20 huenda kwa mhasibu, na huko ikikosa jibu, namba huandikwa ili mwenyewe apigiwe. Hairudi ilikotoka kamwe, maana afisi mbili zikirushiana simu, mpigaji huzungushwa kama pia. Mtandao ukikatika kiwandani, simu huelekezwa kwenye simu ya mkononi ya msimamizi.

Almon Strowger, mzishi wa Marekani, alipata mwaka 1891 hati ya uvumbuzi wa mtambo uunganishao simu bila mkono wa mtu. Husimuliwa kuwa alishuku simu za wateja wake zapelekwa kwa mshindani. Nasi twaiomba Kamati ikague kila mwezi orodha ya simu zisizojibiwa, na kuisoma mbele ya wanachama.